Kebo moja, poti moja, mashine moja inapata 1000 nyingine inakwama 100. Nani hasa anaamua spidi?

#1 Kebo_Ndefu
Wakuu salama? Naomba maelezo, siyo ushauri wa kununua kitu. Nina kebo ya mtandao imetoka kwenye swichi (kile kiboksi cha kuunganisha mashine) imepita ukutani ikatokea kwenye soketi, mita 40 hivi. Nikichomeka mashine mpya inakaa 1000 (megabiti kwa sekunde, yaani gigabiti) bila maneno. Nikichomoa nikachomeka ya zamani (nayo kadi yake ni gigabiti, nimehakikisha) taa inawaka, inazima, inawaka, inazima, kama sekunde kumi na kitu hivi, halafu inatulia kwenye 100. Kila siku hivyohivyo. Intaneti iko poa ila nikihamisha mafaili makubwa kwenda kwenye seva ya humuhumu ndani ndo naumia. Sasa nani anaamua spidi hapa? Swichi, mashine au kebo? Kila niliyemuuliza ana jibu lake.

#2 jozi_ya_bluu
Kebo. Krimpu upya, yaani funga plagi mpya, uje ushukuru.

#3 Kebo_Ndefu
@jozi_ya_bluu kebo ingekuwa mbovu si na hiyo mpya ingegoma?

#4 jozi_ya_bluu
Krimpu kwanza, maswali baadaye 😂

#5 FundiPoti
Swali lenyewe ni zuri tulijibu vizuri. Hakuna anayeamua peke yake, ni mapatano. Kila upande una chipu inaitwa PHY, wengi tunaisoma "fai", hiyo ndo inashikana na waya. MAC yenye mambo ya pakiti iko nyuma yake.

Ukichomeka kebo, kabla pakiti hata moja haijapita, hizi PHY zinarushiana vishindo vya umeme, kila kishindo ni nanosekunde 100 tu. Vinakuja kwa mafungu. Fungu moja linachukua kama milisekunde 2, kisha kimya, kisha jingine, yaani kila baada ya milisekunde 16 hivi unapata fungu. Ndani ya fungu kuna nafasi 33. Nafasi 17 ni za kupiga hatua, hizo lazima ziwe na kishindo, na kati yake kuna nafasi 16 za ujumbe, kishindo kikiwepo ni 1, kisipokuwepo ni 0. Hapo ndo kila mmoja ananadi alichonacho: mimi naweza 10, naweza 100, naweza fulu dupleksi (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), na kadhalika. Ukisikia ujumbe uleule mara tatu mfululizo unawasha biti ya kusema nimekusikia. Wakishasikiana kila mmoja anaangalia orodha ya vipaumbele iliyoandikwa kwenye kiwango na kuchukua cha juu kabisa ambacho wote wawili wanacho. Hawaulizani "tuchukue kipi". Orodha ni moja kwa wote kwa hiyo wanafika palepale kila mtu kwa njia yake.

#6 bit_mpotevu
Kwa hiyo hiyo ya zamani hainadi 1000, kesi imeisha?

#7 FundiPoti
Haijaisha mkuu. 1000 haimo kabisa kwenye zile biti 16 za kwanza. Ukurasa wa kwanza ulipangwa enzi za 100, mwaka 1995, gigabiti ya waya wa shaba ikaja 1999 ikakuta nyumba imeshajengwa, ikabidi iongezewe kurasa za ziada. Ukurasa wa kwanza una biti inayosema "nina la ziada", ndo zinafuata kurasa nyingine zenye habari za 1000. Na ndo maana gigabiti inachelewa kuwaka, mtu anachomeka anahesabu sekunde mbili tatu anadhani imekufa.

#8 SautiYaShaba
Naongezea hapo kwa FundiPoti, kuna kitu kimoja watu wengi hawakijui na ndo mchawi wa nusu ya hizi kesi. Hayo mapatano yote, kurasa zote, yanapita kwenye jozi mbili tu: pini 1-2 na 3-6. Jozi nyingine mbili, 4-5 na 7-8, hazishiriki kabisa. Lakini gigabiti inataka jozi ZOTE nne. Kwa hiyo wanaweza wakakubaliana 1000 vizuri kabisa, wakapeana mikono, halafu wakaanza kazi wakakuta jozi ya kahawia imekatika. Linki haisimami. Wanarudi mwanzo, wanakubaliana tena 1000, wanafeli tena. PHY ya kijinga itazunguka hivyo mpaka kesho. PHY yenye akili baada ya majaribio kadhaa inashuka gia, inaacha kunadi 1000, wanapatana 100.

Taa ya Kebo_Ndefu inavyowaka na kuzima halafu ikatulia kwenye 100 ni picha kamili ya hicho kitu. Na huko kushuka gia hakumo kwenye kiwango, kila mtengenezaji kajitungia, ndo maana mashine mbili zinafanya tofauti.

#9 jozi_ya_bluu
Yaani mmeandika kurasa nne kusema krimpu upya.

#10 Kebo_Ndefu
@SautiYaShaba asante dada, umeeleweka. Ila mashine mpya inapata 1000 kwa kebo hiyohiyo, si ina maana jozi zote nne zinapita?

#11 SautiYaShaba
Ndiyo, na hapo ndo utamu wa uzi unapoanzia. Angalia soketi ya mashine ya zamani kwa tochi. Pini za katikati (4 na 5) na za mwisho (7 na 8) zikilala kidogo tu hazigusi plagi. Mashine itaishi na 100 miaka na miaka na mwenye nayo asijue.

#12 MzeeKoaksi
Vijana mmekimbilia mbali. Mimi nimeanza na kebo nene za koaksi, unatoboa kebo yenyewe kuchomeka mashine, kwa hiyo niheshimuni kidogo 😄. Hapo kuna mtu kalazimisha poti ya swichi iwe 100. Auto (poti iliyoachiwa ipatane yenyewe) ikikosa jibu upande wa pili inabahatisha spidi.

Nina kisa. Sehemu moja niliyofanya kazi seva ilikuwa inakopi faili la mega 700 kwa karibu saa nzima. Pingi safi, haipotei hata moja. Wakabadilisha diski, wakabadilisha ramu, wakapiga programu upya. Nikaja mimi nikaangalia hesabu za poti: upande wa seva migongano ya kuchelewa imejaa, upande wa swichi era za CRC (fremu, yaani vifurushi vya data, zilizofika zimeharibika) na vipande vya fremu vimejaa. Swichi ililazimishwa 100 fulu dupleksi na mtu aliyeshaacha kazi, seva ikaachwa auto, ikawa 100 hafu dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu). Nikarudisha swichi kwenye auto, kopi ikaisha ndani ya dakika moja na kitu. Walinitazama kama mganga.

#13 bit_mpotevu
Mzee hapo kwenye pingi safi lakini kopi inatambaa, inakuwaje?

#14 MzeeKoaksi
Pingi ni neno moja, unasema, mwenzio anajibu, hamuingiliani. Kopi ni wote mnaongea kwa wakati mmoja. Aliye fulu anaongea anapotaka, haangalii kama mwenzake anaongea. Aliye hafu akiwa katikati ya sentensi akasikia sauti anadhani ni mgongano, anakata fremu anasubiri. Fulu anapokea kipande cha fremu, anahesabu era. Na kwa kuwa fulu anaanza wakati wowote, mara nyingi mgongano unatokea baada ya baiti 64 za kwanza zimeshapita. Kwa hafu wa kweli huo hautakiwi kutokea kabisa, ndo unaitwa wa kuchelewa. Ukiuona tu, jua ni dupleksi.

#15 FundiPoti
Shikamoo mzee, kisa ni cha darasani kabisa ila niruhusu nirekebishe sehemu moja. Auto haibahatishi spidi. Upande wa pili ukiwa umelazimishwa hautoi yale mafungu, unatoa mawimbi yake ya kawaida tu. PHY inayasikiliza: yakiwa vishindo kimojakimoja ni 10, yakiwa yale mawimbi ya 100 ya muda wa kukaa bila kazi basi ni 100. Spidi inapatikana kwa uhakika. Kisichosikika kwenye waya ni dupleksi, maana 100 hafu na 100 fulu mawimbi yake ni yaleyale. Ndo kiwango kikasema usipojua chukua hafu. Kwa hiyo seva yako haikubahatisha, ilitii sheria.

#16 MzeeKoaksi
Marahaba. Nimekubali kusahihishwa, ila ilitii sheria ikatutesa mwezi mzima.

#17 Kebo_Ndefu
Swichi yangu ni ile ya kuchomeka tu, haina sehemu ya kusetia chochote. Nimetazama pini kwa tochi, zote zimesimama sawa. Na nimepiga ethtool (amri ya Linux ya kukagua kadi ya mtandao) kwenye ya zamani: mimi nanadi 10, 100, 1000, mwenzangu ananadi 10, 100, 1000, spidi 100, dupleksi fulu. Sasa wote wanasema wana 1000 halafu wanakaa 100, ndo nini?

#18 SautiYaShaba
Basi la mzee tuliweke pembeni, maana swichi ingelazimishwa 100 usingekuta 1000 kwenye orodha ya mwenzako. Hapo ni kushuka gia. Walisikiana, wakakubaliana, kazi ikawashinda. Angalia dmesg (kumbukumbu za mfumo) pia, Linux za karibuni zikigundua hilo zinaandika kabisa kwamba imeshuka kutoka 1Gbps hadi 100 na zinakwambia ukague kebo.

#19 jozi_ya_bluu
"Ukague kebo." Asante Linux, wewe ndo unanielewa.

#20 Osilo_Usiku
Mnaongelea waya kama swichi ya taa, umefika au haujafika. Kwenye gigabiti sivyo. Acha nieleze kwa nini mashine mbili zinaweza kusikia kebo moja tofauti.

Kwenye 100 jozi moja inatuma, nyingine inapokea, ngazi tatu za volti, maisha rahisi. Kwenye 1000 kila jozi inatuma NA kupokea kwa wakati mmoja, waya uleule, pande zote mbili. Yaani PHY inatakiwa imsikie mwenzake aliye mita 40 huko huku yenyewe inapiga kelele kwenye waya huohuo. Anayefika kutoka mbali amechoka, kwenye mita 100 masafa ya juu yanafika na volti chini ya moja ya kumi ya yaliyotoka nayo, na mapana yake yamevimba, alama moja inamwagikia kwenye inayofuata. Kwa hiyo ndani ya chipu kuna kazi hizi: kutoa sauti yake mwenyewe na mwangwi wake unaorudi kutoka kila kiungo, kutoa uvujaji wa jozi tatu za jirani, kurudisha masafa yaliyoliwa na kebo (ikwalaiza, kama ile ya redio ila inajiseti yenyewe), na kutafuta saa ya mwenzake. Vyote hivyo vinafundishwa upya kila unapochomeka. Baada ya hapo ndo inabaki kuamua kila alama ni ngazi ipi kati ya tano.

Chipu ya miaka hiyo na chipu ya juzi hazina masikio sawa. Kebo ikiwa na kasoro ndogo, kiungo kibovu ukutani, plagi iliyofumuliwa sana, mpya inavumilia, ya zamani inasema sisikii. Kebo haijakatika. Imechakaa kidogo, na msikilizaji ni mzee.

#21 bit_mpotevu
mkuu umetisha. yaani mtu anasikiliza mnong'ono huku mwenyewe anafoka. mi nilidhani gigabiti ni 100 iliyoongezwa masafa mara kumi tu, ndo maana kebo ya zamani haiwezi

#22 Osilo_Usiku
Wengi wanadhani hivyo ila mwendo wa alama ni uleule, milioni 125 kwa sekunde, 100 na 1000 zote. Tofauti ni kwamba 1000 inabeba biti mbili kwa kila alama na inatumia jozi nne: 125 × 2 × 4, piga hesabu. Ilitengenezwa makusudi ipite kwenye kebo za Cat 5 zilizokuwa zimeshalazwa ukutani.

#23 wayaless
Hamieni wifi jamani, maisha mafupi.

#24 MzeeKoaksi
@wayaless hapo wifi unagombania hewa na jirani zako wote, hafu dupleksi tupu. Umerudi kwenye koaksi yangu bila kujua.

#25 Pakiti_Yatima
Mimi naleta mchawi mwingine: saa. Kwenye gigabiti mmoja anakuwa kiongozi mwingine mfuasi. Kiongozi anatumia kristali yake (kile kijiwe kinachopiga mapigo ya saa), mfuasi anatoa saa kwenye mawimbi anayoyapokea na ANATUMA kwa saa hiyohiyo. Bila hivyo kile kifuta mwangwi alichosema Osilo_Usiku kingekuwa kinakimbiza kivuli. Kwa kawaida kifaa chenye poti nyingi ndo kinapewa uongozi, wakiwa sawa kila mmoja anatoa namba ya kubahatisha, mwenye kubwa anaongoza, zikifanana wanarudia.

Kiwango kinaruhusu kristali kukosea sehemu 100 kwa milioni. Kwa kristali ya 25 MHz hiyo ni hertz 2500 tu. Mashine ya zamani kristali yake imezeeka ikatoka nje ya mpaka, inashindwa kumfuata kiongozi. Kwa 100 mambo ni mepesi, inapona. Ajaribu kuilazimisha ya zamani iwe kiongozi, ethtool za karibuni zinaruhusu, tuone.

#26 Osilo_Usiku
@Pakiti_Yatima mfuasi anapokosa kumshika kiongozi kwa sababu ya kristali ni nadra sana, na isingekuwa na uhusiano wowote na urefu wa kebo. Ajaribu kebo fupi. Kwa kebo ya mita moja ikikaa 1000, saa haina kosa.

#27 Pakiti_Yatima
Sawa, ajaribu. Ila nadra siyo kamwe, nimeshabadilisha kristali mbili maishani mwangu.

#28 rejista_sifuri
Nimesoma kimya mpaka nimeshindwa. Mimi huwa naandika draiva za vifaa vidogo, na naona kila mtu anaamini kile mashine inachoonyesha. Msikiamini sana. Biti ya linki kwenye rejista (kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya PHY) namba 1 ina tabia yake: linki ikikatika hata kidogo tu inang'ang'ania sifuri mpaka isomwe. Yaani ukisoma mara ya kwanza unapata historia, mara ya pili ndo hali ya sasa. Sikujua hilo nilipoanza. Siku mbili nzima taa inawaka kwenye poti na programu yangu inasema hakuna linki, nikabadilisha PHY, nikabadilisha transfoma, nikalaumu kila mtu. Dawa ilikuwa kusoma mara mbili.

Kisa cha pili ni kizuri zaidi. Bodi mpya, nasoma rejista zote, zinarudi FFFF. FFFF maana yake hakuna aliyejibu, waya umevutwa juu tu. Kumbe pini ya taa kwenye PHY zile inafanya kazi mbili: wakati umeme unawaka inasoma pini hiyo kama sehemu ya anwani yake, kisha ndo inaanza kuwasha taa. Mchoraji aligeuza taa upande wa pili ili ionekane vizuri mbele ya boksi, anwani ikahama kutoka 0 kwenda 1. Taa inapendeza, mtandao haupo.

#29 bit_mpotevu
😂😂😂 taa inapendeza mtandao haupo, hii naandika ukutani

#30 Neti_na_Kijani
Tukiwa kwenye taa: ya kwangu inawaka rangi ya chungwa, ndo ina tatizo si eti?

#31 FundiPoti
Rangi haina sheria. Mtengenezaji mmoja chungwa ni 1000, mwingine chungwa ni 100, mwingine chungwa ni pakiti zinapita. Soma kitabu chake.

#32 Neti_na_Kijani
nani anasoma vitabu

#33 testa_taa8
Hakuna aliyetaja jozi zilizochanganywa. Fundi akipanga waya kwa mpangilio wa moja-mbili-tatu-nne bila kufuata zilivyosokotwa, pande zote mbili zikifanana, testa ya taa nane inapita zote kwa furaha. Lakini pini 3 na 6 zinakuwa nyaya za jozi mbili tofauti, zinavujiana vibaya. Kwenye kebo fupi huoni kitu. Kwenye mita 40 mwenye masikio mazuri anapona, mwingine anashuka. Hiyo inaeleza yote ya Osilo_Usiku bila kusingizia uzee wa chipu. Kebo_Ndefu fungua plagi utuambie rangi.

#34 Osilo_Usiku
@testa_taa8 hapo upo sahihi inaweza kuwa, ila jozi zilizochanganywa mita 40 hata hiyo mpya ningetegemea ilalamike, angalau era za CRC.

#35 testa_taa8
Kaangalia era? Hajaangalia.

#36 Kebo_Ndefu
Nimerudi na majibu, mnisamehe kuchelewa.
Rangi: pande zote mbili chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kwa hiyo zimefuatwa.
Era kwenye mashine mpya: sifuri baada ya giga 60 za kukopi.
Kebo fupi ya mita moja, ya zamani moja kwa moja kwenye swichi: 1000, imetulia.
Kebo ndefu, ya zamani, poti nyingine ya swichi: 1000!! ikakaa kama masaa mawili, nikaanza kuandika hapa kuwashukuru, ikakatika ikarudi 100. Sasa mnisaidie maana nimeanza kuiogopa.

#37 Pakiti_Yatima
Masaa mawili? Joto. Kristali ikipata joto inahama. Nilisema.

#38 Osilo_Usiku
Joto ndiyo, ila si lazima kristali. Upinzani wa shaba unapanda na joto, chipu yenyewe inapata joto, ile nafasi ndogo iliyokuwa imebaki ya kusikia inakwisha. Iko pembezoni.

#39 testa_taa8
Au transfoma ndani ya soketi. Zile boksi ndogo nyeusi kati ya soketi na PHY. Zinatenga umeme wa volti 1500 lakini radi ya karibu inaweza kuziacha nusu-nzima. Nimeshaona moja inapitisha 100 vizuri na 1000 inagoma kwa sababu mzunguko wa jozi ya tatu umeungua.

#40 SautiYaShaba
@testa_taa8 mzunguko ukiwa umeungua hata mita moja ingegoma, na kasema mita moja iko sawa.

#41 testa_taa8
Nimesema nusu-nzima dada, siyo umekatika.

#42 FundiPoti
Kabla hatujaipeleka mashine ya watu kaburini, zima kwanza ule mfumo wa kuokoa umeme, 802.3az wa mwaka 2010. Linki ikiwa haina kazi PHY zinalala, zinaamka kwa vipindi kuonyeshana mawimbi mafupi ili ikwalaiza na saa zisipotee. Utekelezaji wa mwanzomwanzo ulikuwa na visa, chipu inaamka imesahau somo, linki inakatika. Nao unanadiwa kwenye mapatano kama vingine, kwa hiyo upande mmoja ukizima inatosha. Na inalingana na masaa mawili, maana ilikatika wakati unaandika hapa, siyo wakati unakopi. Si ndiyo?

#43 Kebo_Ndefu
Kweli! Ilikuwa imekaa tu haina kazi.

#44 rejista_sifuri
Sasa mbona mwanzo inashindwa kusimama kabisa kwenye poti ile ya kwanza? Kulala kunakuja baada ya linki kusimama, siyo kabla.

#45 FundiPoti
Hilo sina jibu lake kwa sasa, naachia wengine.

#46 MzeeKoaksi
Mnanikumbusha faili. Enzi za 100 zinaanza kulikuwa na faili moja likifika asilimia fulani linakwama, palepale kila mara. Mafaili mengine yote yanapita. Watu wakasema lina pepo. Kumbe ndani yake kuna baiti zilizopangwa kwa namna ambayo zikikutana na kile kichanganyaji cha biti zinatoa mawimbi yanayokaa upande mmoja muda mrefu, transfoma haipitishi umeme uliosimama, mstari wa sifuri unahama, mpokeaji anachanganyikiwa anasoma juu kuwa katikati. Kadi nzuri zinarekebisha kuhama huko, ile ya kwetu ilikuwa hairekebishi. Tulilibana faili, likapita.

#47 bit_mpotevu
yaani mlimtoa pepo kwa zip 😂

#48 MzeeKoaksi
Na tukalipwa.

#49 wayaless
Uzi huu umenifanya nikaangalie kebo ya TV, iko 100. Haina hata kosa, poti yenyewe mwisho wake ni 100. Nimepoteza nusu saa.

#50 Kebo_Ndefu
Wakuu taarifa. Nimezima ule wa kuokoa umeme kama alivyosema FundiPoti, tangu jana asubuhi iko 1000, haijakatika hata mara moja, usiku kucha ilikuwa haina kazi na bado iko. Kwenye poti ya kwanza ileile. Asanteni sana.

#51 FundiPoti
Safi. Ila rejista_sifuri bado ana swali lake. Hebu washa tena tuone kama itashuka.

#52 Kebo_Ndefu
Hapo kidogo... wakati nazima niliisogeza pia kebo, ilikuwa imefungwa pamoja na waya wa umeme nyuma ya kabati.

#53 Osilo_Usiku
Aah! Umebadilisha vitu viwili kwa pamoja!

#54 Pakiti_Yatima
Na nyuma ya kabati kulikuwa na joto au hakuna?

#55 jozi_ya_bluu
Kebo_Ndefu mdogo wangu, sema ukweli mbele ya watu. Hukukrimpu upya?

#56 Kebo_Ndefu
...nilikrimpu. Si nilikata plagi kuangalia zile rangi. Ila nilikrimpu upande wa ukutani tu.